Usiku Daktari, Mwisho wa Mwezi Mwanafunzi

Saa tisa usiku, mama akianza kuvuja damu baada ya kujifungua, hakuna mtu wodini anayeuliza mwanafunzi ni yupi. Sista anaita "Daktari!" na anayekimbia ni mimi. Mimi ndiye ninayelikanda tumbo la uzazi, ninayetuma mtu benki ya damu, ninayempigia simu mtu wa nusukaputi, ninayetia sahihi ile fomu ya kuingia thieta. Mumewe amesimama koridoni na begi la nguo za mtoto, macho yote kwangu. Profesa yuko kwake amelala, simu karibu na mto. Simlaumu, amekesha miaka yake.

Ikifika mwisho wa mwezi, maze, miujiza. Daktari anayeyuka. Anayebaki ni mwanafunzi, na mwanafunzi halipwi. Mwanafunzi hulipa karo.

Hospitalini tunaitwa marejistra. Kwa wasiojua: mtu anasomea udaktari miaka sita, anafanya mwaka mmoja wa unagenzi, anapewa leseni, ni daktari kamili wa Jamhuri ya Kenya. Akitaka kuwa bingwa wa uzazi, wa watoto, wa upasuaji, anarudi chuo kikuu kwa miaka minne au zaidi. Ila darasa lake ni wodi. Asubuhi yuko raundi, mchana kliniki, usiku yuko zamu, na kesho yake raundi inamsubiri palepale. Baadhi yetu tumetumwa na kaunti au serikali kuu, na mshahara unaendelea kuja, ukipenda kuja. Wengine tumejidhamini. Hao ndio ninaowazungumzia leo, kwa sababu ni mmoja wao. Tunalipa karo ili turuhusiwe kufanya kazi ambayo hospitali haiwezi kukaa usiku mmoja bila kufanyiwa.

Ngoja nikupe hesabu yangu, uone kichekesho. Nilipokuwa mwanagenzi sikujua kitu. Kila nikishika sindano ya mtoto mchanga mikono ilitetemeka. Lakini nililipwa shilingi elfu 206 hivi kwa mwezi, kabla ya makato, kwa sababu kulikuwa na mkataba. Leo wanagenzi wanatetemeka mbele yangu mimi, naushika mkono wao, nawaonyesha njia. Nimefanya upasuaji wa kuzalisha mara nyingi hadi nimeacha kuhesabu. Mshahara wangu ni sufuri. Kadiri nilivyojua zaidi ndivyo nilivyolipwa kidogo, na sababu si elimu wala huruma wala uchumi. Yule mwanagenzi alikuwa ametajwa kwenye karatasi yenye sahihi ya serikali na ya chama. Mimi sina karatasi.

Kodi nalipa vipi? Lokamu. Ni vibarua vya udaktari katika zahanati na hospitali za kibinafsi, unalipwa kwa siku, pesa inaingia M-Pesa kabla hujavua koti, nusu yake inamezwa na Fuliza kabla hujatoka mlangoni. Natoka zamu ya usiku Jumamosi asubuhi, napanda mat hadi mtaa ambao sitautaja, nakaa nyuma ya meza hadi saa mbili usiku. Kama umewahi kutibiwa wikendi na daktari ambaye macho yake yalikuwa mekundu na aliuliza jina lako mara mbili, huenda tulikutana. Samahani.

Na si samahani ya adabu tu. Kuna usiku mmoja, saa yangu ya thelathini hivi bila kulala, niliandika dozi ya dawa ya mama mmoja na nukta ikaanguka mahali si pake. Mara kumi ya dawa. Sista akaja na faili, hakupaza sauti, akaniambia, "Daktari, hebu angalia hapa tena." Nikaangalia. Nikarekebisha. Nikaenda chooni nikakaa chini sakafuni. Mama yule alikwenda nyumbani na mtoto wake, na hadi leo hajui kwamba aliokolewa na nesi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Watu wakisema madaktari wanapigania pesa, mimi namkumbuka yeye. Zamu ya saa nane badala ya thelathini na sita nayo tunaipigania. Wanaoita hilo uroho hawajawahi kuwa kwenye kitanda kile.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, mwanafunzi, kwa sababu hapo ndipo ulaghai ulipo.

Ukiiuliza hospitali, inasema: huyu ni wa chuo, sisi tumempa tu mahali pa kujifunzia. Ukikiuliza chuo, kinasema: sisi tunafundisha, mambo ya zamu ni ya hospitali. Ukienda kaunti ulikofanya kazi zamani, inasema: alijiuzulu akaenda kusoma, kwani sisi tufanyeje? Unapigwa danadana na watu watatu, na wote watatu usiku wa leo wanakutegemea. Rosta lakini haina danadana. Rosta ina jina langu, siku, saa na simu. Nikikosa kufika sitaandikiwa kwamba nimekosa somo. Nitaitwa kueleza kwa nini niliacha wagonjwa.

Ujanja huu si wetu peke yetu, na hapo ndipo nilipoanza kupata moyo. Marekani, mwaka 1976, Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi iliamua katika kesi ya hospitali ya Cedars-Sinai kwamba madaktari wanaosomea ubingwa ni wanafunzi kwanza, kwa hiyo sheria ya vyama vya wafanyakazi haiwalindi. Ilichukua miaka 23. Mwaka 1999, kesi ya Boston Medical Center, bodi ileile ikageuka: hawa ni wafanyakazi, kujifunza kwao hakufuti kazi yao. Na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya huko ikakubaliana na serikali kwamba kodi ya hifadhi ya jamii ilipwe kwenye mishahara yao kama ya mfanyakazi yeyote. Mtu wa kodi hachanganyikiwi na majina, huyo. Uingereza nako wenzetu waligoma tena na tena kuanzia Machi 2023, wakapata nyongeza ya wastani wa asilimia 22.3 kwa miaka miwili, na Septemba 2024 wakafanya jambo ambalo wengine waliliona dogo: wakaacha kuitwa madaktari wadogo. Mtu wa miaka 35 anayekupasua tumbo kuitwa mdogo! Walielewa kwamba jina ndilo linalotangulia, mshahara hufuata.

Hapa kwetu mambo haya yana historia, na vijana wenzangu wengi wa Twitter huisahau. Chama chetu, KMPDU, kilizaliwa 2011, na mwaka huohuo kikagoma. Mkataba wa kwanza ulitiwa sahihi Juni 2013. Serikali ikauweka kwenye droo. Miaka mitatu baadaye, tarehe 5 Desemba 2016, madaktari wakaweka chini vifaa, wakakaa nje siku 100. Ndiyo siku za "Lipa Kama Tenda", kumbuka, wakati nchi nzima ilikuwa inazungumzia mabilioni ya Afya House na yale makontena 100 yaliyoitwa kliniki za kuhamishika, shilingi milioni 10 kila moja, ambayo yalikaa Miritini kule Mombasa yakishika kutu bila kumtibu hata paka. Pesa ya makontena ilipatikana haraka. Pesa ya mkataba uliokuwa na sahihi haikupatikana. Februari 2017 viongozi saba wa chama wakapelekwa jela kwa kudharau mahakama. Kumbuka picha zile: watu waliozoea kuvaa makoti meupe wakipanda gari la magereza. Mkataba mpya ukaja kati ya mwaka huo. Ndio ulionilipa mimi nilipokuwa mwanagenzi, mimi ambaye wakati wa mgomo nilikuwa mwaka wa tatu na kazi yangu kubwa ilikuwa kutafuta chapati madondo za bei nafuu. Watu walikwenda jela kwa ajili ya hundi yangu. Sijawahi kukutana na hata mmoja wao nikamshukuru.

Mwaka 2018, kabla hata vidonda havijakauka, serikali ikaleta madaktari 100 kutoka Kuba. Sina ubaya na Wakuba. Wawili wao walitekwa Mandera mwaka uliofuata, na hakuna daktari wa Kenya aliyelifurahia hilo. Lakini jiulize: nchi inayosema haina pesa ya kuwalipa wanaosomea ubingwa nyumbani ilipata wapi pesa ya kuagiza mabingwa kutoka ng'ambo? Mpango wenyewe ulifungwa 2023. Marejistra wa bure hatukufungwa, tuliendelea.

Kisha ikaja 2024. Serikali ikaamka ikasema wanagenzi walipwe elfu 70. Na kauli ilikuwa ileile, eti hawa bado wanajifunza, hiyo ni posho tu. Unaona? Neno lililotumeza sisi marejistra likawa limerudi kutafuta wadogo zetu. Februari 29, kwenye maandamano jijini, katibu mkuu wa chama, Davji Atellah, akapigwa kichwani na mkebe wa gesi ya machozi. Mgomo ukaanza Machi, ukaenda siku 56. Ulipoisha, suala la wanagenzi likabaki mahakamani na mezani, na mwaka haukuisha kabla hatujawazika wanagenzi waliojitoa uhai, familia zao zikieleza madeni na uchovu. Sitawataja, wameshatajwa vya kutosha na watu waliotaka kura. Desemba, serikali ikakubali kuwalipa wanagenzi kwa viwango vya mkataba wa 2017.

Kwa hiyo wasee, msiniambie chama hakifanyi kazi. Kinafanya kazi kwa yule aliyeandikwa ndani ya mkataba. Lawama yangu kwa chama ni hiyohiyo: sisi tunaojidhamini tumekuwa aya ya mwisho ya kila orodha ya madai, ile inayotolewa kwanza meza ikipata moto. Tunasaidia kujaza barabara, tunapigwa gesi, halafu fomula ya kurudi kazini ikitiwa sahihi tunaambiwa suala letu "litaangaliwa". Limeangaliwa sana. Lina macho mekundu kama yangu.

Lakini nusu ya lawama ni yetu. Nitasema kile ambacho tunanong'onezana tu kwenye chumba cha chai. Tunaogopa. Na hatuogopi polisi, wala kufutwa, kwa sababu utamfutaje mtu ambaye hujamwajiri? Tunaogopa kalamu. Kila upasuaji ninaoufanya lazima utiwe sahihi kwenye kitabu changu na mkubwa wangu. Yeye ndiye anayepanga rosta, yeye ndiye anayesema tasnifu yangu iko tayari au haiko, na siku ya mtihani wa mwisho huenda yeye ndiye atakayekaa upande wa pili wa meza aniulize maswali. Mwalimu, bosi na mtahini ni mtu mmoja. Mfanyakazi wa kiwandani akigombana na msimamizi anaweza kupoteza kazi. Mimi nikigombana naye napoteza miaka minne na karo yote, na hakuna mahali itakapoandikwa kwamba ni kwa sababu ya chama. Itaandikwa kwamba sikufikia kiwango.

Wengi wa wakubwa hawa ni watu wazuri. Wamenifundisha kila kitu ninachokijua. Baadhi yao walikuwa barabarani 2016. Ila hata wao ukiwauliza kuhusu malipo ya rejistra, jibu ni moja: "Sisi pia tulipitia." Kwani mateso ni urithi, tunakabidhiana kama shamba? Mfumo huu wa kumfungia daktari hospitalini mchana na usiku ulikomazwa kule Johns Hopkins, Baltimore, mwishoni mwa karne ya 19 na daktari wa upasuaji aitwaye William Halsted. Wanafunzi wake waliishi humohumo hospitalini, na ndipo likatoka lile jina la daktari mkaazi. Halsted alikuwa fundi mkubwa, hilo halina ubishi. Alikuwa pia mraibu wa kokeini, kisha wa mofini. Sisemi zaidi. Ila mtu akiniambia kukesha saa thelathini na sita ni desturi takatifu ya taaluma yetu, nacheka kidogo.

Na kuna lile neno lingine, tamu zaidi, wito. Udaktari ni wito. Nimelisikia kwa mawaziri, kwa maaskofu, kwa mjomba wangu ambaye hulipisha watu kupaki gari kwenye kiwanja chake. Mimi nakubali, ni wito. Hakuna mtu anayeingia kwenye damu saa tisa usiku kwa sababu ya hesabu ya benki. Lakini mwenye nyumba wangu hajawahi kuitwa. Keateka akija tarehe tano hapokei wito. Desemba 2020 alikufa daktari wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa korona. Alikuwa hajalipwa mshahara miezi mitano, na bima hakuwa nayo. Nchi nzima ilimlilia, ikamwita shujaa. Hakuwa ameomba kuwa shujaa, alikuwa ameomba mshahara.

Sasa nifike kwa mama mboga wa ploti yetu, kwa sababu bila yeye hii yote ni makelele ya daktari anayejihurumia.

Ananiuzia sukuma kwa mkopo. Anaandika kwenye daftari la shule la mtoto wake, ukurasa wangu una kichwa "Dakitari". Jioni moja wakati wa mgomo wa 2024 nilisimama pale nikiwa nimevaa fulana ya chama. Akaiangalia. Akaendelea kukatakata sukuma. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma bei: "Nyinyi mligoma ule mwaka. Dada yangu alishikwa na uchungu. Tulienda hospitali ya serikali tukakuta askari wa geti tu. Tukaenda ya kibinafsi, wakataka dipoziti. Tulipoipata, mtoto alikuwa ameshaenda."

Nilitaka kumwambia nilikuwa mwaka wa tatu. Nilitaka kumwambia kuhusu mkataba wa 2013, kuhusu droo, kuhusu makontena ya Miritini. Kuhusu akina mama wanaopoteza watoto katika hospitali zilizo wazi kabisa, siku ambazo hakuna mgomo, kwa sababu thieta ni moja na rejistra ni mmoja na foleni ni ya watu watano. Yote ni kweli. Hakuna hata moja niliyoisema. Koti ni koti, na kwake mimi ndiye nililivaa. Nilisema, "Pole, mama." Akaniwekea sukuma, akaandika kwenye daftari.

Nimelibeba hilo mwaka mzima na sijapata jibu la kumtosha. Wenzangu wanaosema mgomo hauui mtu wanajidanganya, na wanatuharibia kesi, kwa sababu yule mama anajua. Mgomo unaua. Mtu anayeuitisha lazima alale na hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba sitaki kugoma. Nataka kuwa na mkataba ambao hauhitaji mgomo ili uheshimiwe. Na kitu pekee nilichowahi kuona kikiisukuma serikali hii kukaa mezani kabla ya watu kufa ni hofu ya kwamba sote, kwa siku moja, tutasema hapana. Daktari mmoja akilalamika ni mkorofi. Themanini wakiwa na kadi za chama, hospitali lazima ifanye hesabu kabla ya kupanga rosta. Katiba yetu, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na ya kugoma. Vita vyote ni juu ya neno moja mle ndani, mfanyakazi. Ndiyo maana wanakazana kutuita jina lingine.

Tunachodai kinaenea kwenye ukurasa mmoja. Kila anayewekwa kwenye rosta alipwe, awe ametumwa na kaunti au amejidhamini. Zamu iwe na mwisho, na baada ya usiku mtu aende nyumbani. Bima, kwa sababu tunachomwa na sindano zilezile wanazochomwa nazo walio na mshahara. Na anayepanga rosta asiwe ndiye mtahini. Hili la mwisho halina hata shilingi moja ndani yake, na naamini ndilo litakalopingwa zaidi.

Wiki iliyopita tulianza orodha. Si ya WhatsApp, hiyo inapigwa picha na kufika ofisini kabla ya chai. Ni karatasi, iko kwenye bahasha ya eksirei, inapita mkono kwa mkono. Tulikubaliana kwamba hakuna jina litakaloonekana na mtu wa nje hadi tufike 60, kisha tunaipeleka kwa chama yote kwa pamoja, tukidai kiti chetu wenyewe kwenye meza ya mazungumzo. Nilipoiona mara ya mwisho ilikuwa na majina 34. Wa upasuaji wamesaini karibu wote. Wa watoto nusu. Wa uzazi, watu wangu, ambao tunalia kuliko wote, tuko saba.

Mmoja aliniambia anasubiri amalize mtihani. Namwelewa. Mtihani wangu ni mwakani, na mtu ambaye huenda akawa mtahini wangu ananitumia meseji sasa hivi ninapoandika, anauliza nani yuko zamu leo usiku. Nimemjibu: mimi. Bahasha iko kwenye droo ya pili ya meza ya sista wa usiku, yule mwenye miwani ya plasta. Mwambie unatafuta filamu ya kitanda namba 9. Kitanda namba 9 hatuna, kilivunjika tangu Machi.